Buibui mkubwa wa shimoni: anaishi wapi, na kwa nini tunamwelewa vibaya

Mvua za vuli zikianza tu, video nazo huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Buibui mkubwa mwenye manyoya, rangi ya udongo mwekundu, anavuka njia ya vumbi au amejibanza kwenye ukuta wa choo cha nje, miguu ya mbele ameiinua juu. Sauti ya anayerekodi inasema: huyu akikuuma, hospitali hufiki. Mwingine anaongeza kwamba si wa huku, kaletwa na meli kutoka Amerika. Wa tatu anaapa kuwa huua nyani. Ujumbe unamfikia shangazi, unaingia kundi la wazazi wa shule, na kufikia jioni kuna mtu ameshamwaga mafuta ya taa kwenye kila tundu la uani kwake.

Kisha likaja jambo lililozidisha maswali. Mwezi wa nne mwaka 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na sisimizi malkia wapatao 5,000 waliofungwa kwenye vichupa vya maabara. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Watu walicheka kwanza, halafu wakaanza kuulizana: kama sisimizi ana mnunuzi Ulaya, je, huyu buibui tunayemwagia mafuta ya taa? Anaye, na tangu zamani.

Nitamzungumzia spishi mmoja tu, kwa sababu ukimwelewa huyo vizuri, uvumi mwingi unakosa pa kusimama. Na kumwelewa ni kulielewa shimo lake. Karibu kila kinachosemwa vibaya juu yake kinatokana na kumtazama akiwa nje, mahali ambapo kwa kawaida hayupo.

Tunamzungumzia yupi hasa?

Tuanze chini kabisa. Kwa wanasayansi, buibui si mdudu. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili: ya mbele inayobeba macho, mdomo na miguu yote, na ya nyuma ambayo ni tumbo. Nge na kupe ni ndugu zake wa karibu kuliko panzi.

Buibui wenyewe, ukiacha wachache wa ajabu wa Asia, wamegawanyika katika makundi mawili makubwa, na njia rahisi ya kuyatofautisha ni mdomo. Yule anayetanda utando kwenye kona ya dari ana chonge mbili zinazokutana kwa ubavu, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Kundi la pili, ambalo umbo lake ni la kale zaidi, chonge zake ziko sambamba na hushuka kutoka juu kwenda chini. Buibui wa namna hiyo hawezi kuuma sawasawa mpaka ajiinue kwanza, ndipo apige chini. Ule mkao wa kwenye video, miguu ya mbele juu na kifua wazi, ndio huo. Anakuonesha silaha ili urudi nyuma. Angetaka kukushambulia asingekuwa na haja ya kukutahadharisha.

Katika kundi hilo la pili kuna familia ya buibui wakubwa wenye manyoya inayojulikana duniani kwa jina la tarantula. Wale wa Afrika huitwa buibui nyani. Hawali nyani wala hawawaui. Jina limetokana na miguu yao, ambayo ncha zake zenye manyoya ziliwakumbusha watu vidole vya nyani. Tena nyani ndiye mla vijidudu hodari anapofukua mawe, kwa hiyo mwenye sababu ya kuogopa hapo ni buibui.

Afrika Mashariki inao buibui nyani wa aina kadhaa. Anayefahamika zaidi kwa wafugaji wa nje ni Pterinochilus murinus, ambaye sehemu fulani, Usambara ikiwemo, huwa wa rangi ya chungwa, na kwingine ni wa kahawia au kijivu. Huyo si mchaguzi wa makazi: utamkuta chini ya jiwe, kwenye kisiki, hata kwenye tundu la mti. Wangu mimi ni mwingine, Pelinobius muticus, ambaye wafugaji humwita buibui nyani mfalme. Kwa ufupi nitamwita mfalme, ingawa anayestahili taji ni jike. Makao yake yanayojulikana ni Kenya na Tanzania, kwenye nyika kavu, mbuga za nyasi na vichaka vya migunga. Jike aliyekomaa, ukipima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa upande wa pili, hukaribia sentimita 20. Rangi yake ni ya kutu, bila madoa wala mistari, na miguu yake ya nyuma ni minene isiyo ya kawaida, imepinda kidogo, utadhani amevaa buti.

Kwa hiyo lile la meli kutoka Amerika tuliweke kando. Huyu ni mwenyeji wa hapa kuliko mahindi na mihogo tunayopanda juu ya kichwa chake.

Mnyama mmoja, majina mawili

Ukimtafuta kwenye intaneti utakutana na utata: kurasa nyingine humwita Citharischius crawshayi, na wapo wauzaji waliowahi kudhani hao ni buibui wawili. Kisa chake ni kifupi na kina ladha yake.

Mwaka 1882 daktari Mjerumani Gustav Fischer, aliyekuwa ameishi Zanzibar kwa miaka kadhaa, alianza safari ya kuelekea nchi ya Wamaasai kwa niaba ya Chama cha Jiografia cha Hamburg. Alifika hadi Ziwa Naivasha. Ule mnara wa mwamba uliosimama peke yake katika hifadhi ya Hell's Gate unaitwa Fischer kwa sababu yake. Alirudi na makasha ya mimea, ndege na vijidudu, na mwaka 1885 Ferdinand Karsch, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, alichapisha orodha ya buibui na majongoo waliotokana na safari hiyo. Humo ndimo jina Pelinobius muticus lilipozaliwa.

Miaka 15 baadaye, 1900, R. I. Pocock wa makumbusho ya London alipata buibui mkubwa kutoka Afrika Mashariki, akamwona mpya, akampa jina la Citharischius crawshayi. Sehemu ya kwanza ya jina inarejea ala ya muziki ya nyuzi, kwa sababu buibui huyu hutoa sauti, nami nitairudia sauti hiyo baadaye. Sehemu ya pili ni ya Crawshay, Mwingereza mkusanyaji wa viumbe. Jina la Pocock ndilo lililoshika, la Karsch likasahauliwa kwenye makaratasi. Ni mwaka 2010 tu ambapo mtafiti Richard Gallon alionesha kwamba wote wawili walikuwa wakimtazama mnyama yuleyule. Kanuni ya majina ya kisayansi inampa ushindi aliyetangulia, basi Pelinobius likarudi kitini baada ya miaka zaidi ya 100. Mwenyewe muda wote huo alikuwa chini ya ardhi, hana habari.

Shimo

Sasa tufike penye kiini. Jike wa buibui huyu huishi karibu maisha yake yote ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe. Shimo la jike aliyekomaa laweza kushuka hadi kina cha mita 2. Nakuomba usome hapo tena: mnyama anayeenea kwenye kiganja anachimba kina kinachozidi kimo cha mtu. Na hachimbi kwenye mchanga laini wa pwani. Udongo wa nyika anakopatikana ni mwekundu, mgumu wakati wa kiangazi kiasi cha kumtoa jasho mwenye sururu.

Kwa nini ahangaike hivyo? Jibu limo kwenye mapafu. Buibui wa kundi lake hupumua kwa mapafu ya matabaka membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na wanayo jozi mbili. Matabaka hayo ni lazima yawe na unyevu ili hewa ipite, na kila hewa inapopita maji kidogo hupotea. Katika nyika ya Kenya na Tanzania, ambako kiangazi hukausha hata visima, mnyama mwenye mapafu ya namna hiyo akikaa juani atakauka. Basi anashuka chini.

Na chini kuna dunia nyingine. Juu ya udongo mtupu, joto la mchana na baridi ya usiku hupishana sana. Ukishuka nusu mita tu, tofauti ya mchana na usiku karibu inatoweka: udongo ni kizuizi kizuri cha joto, na kabla joto la adhuhuri halijafika kina hicho jua limeshatua. Ukishuka zaidi, hata majira yenyewe hufika kwa kuchelewa na kwa upole. Unyevu nao hukaa, kwa sababu upepo hauingii. Shimo la mita 2 linampa buibui huyu hali ya hewa tofauti kabisa na ile unayoiona wewe uliyesimama juu yake umevaa kofia.

Miguu minene ya nyuma huhusishwa na kazi hiyo ya uchimbaji na ya kushughulikia nyuzi. Chonge na vipapasi vya mbele navyo hufanya kazi: udongo hung'olewa, hukusanywa, husukumwa nje. Sehemu ya juu ya shimo hupakwa nyuzi za hariri ili kingo zisiporomoke. Nyuzi hizi hazinasi mende wala panzi. Ni plasta, na papo hapo ni chombo cha habari, kwa maana mtikisiko wa mguu wa panzi juu ya mdomo wa shimo husafiri kupitia nyuzi na udongo mpaka kwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo macho yanapokosa umuhimu. Anayo manane, yote madogo, yamerundikana juu ya kichwa, na hayamsaidii zaidi ya kujua mwanga na giza na mwendo wa karibu. Anachokitegemea ni vinyweleo vya miguuni vinavyohisi mtetemo wa ardhi na hata mpumuo wa hewa. Usiku hukaa karibu na mdomo wa shimo na kungoja. Mende, panzi, nyenje, buibui mwingine, nge, mara chache mjusi au panya mchanga: kinachopita karibu ndicho chakula. Hutoka ghafla, hupiga chonge, hurudi nacho chini. Hana meno ya kutafuna, kwa hiyo humwagia mawindo maji ya kuyeyushia chakula na kufyonza uji unaotokea. Akishiba anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Mnyama asiyetembea hatumii nguvu nyingi.

Mwili wake pia umejengwa kwa ajili ya chini. Viungo vikuu vya miguu yake vina misuli ya kukunja lakini havina ya kukunjua. Mguu hunyooka kwa kusukumiwa majimaji ya mwilini kwa shinikizo, vile vile tipa linavyoinua kitanda chake cha mchanga kwa mafuta ya jeki. Ndiyo maana buibui aliyekufa hujikunja miguu yote: shinikizo limekwisha. Na ndiyo maana kuanguka kwake ni hatari kubwa. Tumbo ni mfuko wenye ngozi nyembamba, na buibui mzito wa kiasi hiki akidondoka kutoka kimo cha meza linaweza kupasuka, akafa kwa kuvuja. Kwa hiyo lile la kwamba huruka kutoka mtini kumshika mtu shingoni halimhusu huyu hata kidogo. Majimaji hayo, nikiongeza kwa wapenda ajabu, yana rangi ya samawati badala ya nyekundu, kwani kinachobeba hewa ndani yake ni madini ya shaba, si chuma. Hayabebi hewa nyingi kama damu yetu. Mfalme hukimbia kwa kasi hatua chache tu, halafu pumzi inamwishia. Kukufukuza hadi barabarani hawezi hata akitaka.

Shimo ni chumba cha uzazi pia. Jike hufuma mfuko wa mayai humo na kuulinda mpaka watoto watoke, kisha nao huanza kuchimba vijishimo vyao. Ndimo anamojivua gamba: gamba lake gumu la nje halikui, kwa hiyo ili aongezeke lazima alivue lote, akiwa amelala chali, laini na hoi, asiyeweza kujitetea kwa muda. Mara nyingi watu wakimkuta buibui nyani amelala chali hudhani amekufa na kumtupa.

Ukuaji wake ni wa polepole mno. Jike huchukua miaka kadhaa kukomaa, na wafugaji wameripoti majike walioishi zaidi ya miaka 20. Dume ni habari nyingine. Ni mdogo, mwembamba, miguu mirefu, na akishakomaa hajivui gamba tena. Analo jukumu moja lililobaki. Hulihama shimo lake na kutembea usiku akitafuta shimo la jike, na akifika hugonga kwa miguu mdomoni pa shimo kubisha hodi. Baada ya hapo hana maisha marefu.

Msimu wa madume kutembea ndio huohuo wa mvua. Basi unayemwona kwenye video akivuka njia, au aliyejikuta ukutani mwa choo, kwa kawaida ni dume aliyepotea njia, au ni buibui aliyefurikiwa na maji, au aliyebomolewa nyumba na tingatinga. Watu huona idadi imeongezeka, wakasema buibui wamevamia. Waliongezeka kuonekana tu. Wengine wengi wako palepale walipokuwa kiangazi chote, chini ya nyayo zako.

Sumu, bila chumvi

Ana sumu, hilo ni kweli. Karibu buibui wote wanayo. Swali lenye maana ni sumu kiasi gani na kwa nani. Dozi inayomlaza panzi haifanani na inayohitajika kumdhuru mtu wa kilo 60. Kwa familia yake nzima, hao tarantula wa dunia nzima, hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na kuumwa.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Buibui nyani wa Afrika huuma kwa maumivu makali. Chonge zake ni ndefu, jeraha lenyewe linauma hata kabla ya sumu, kisha huja uvimbe na wakati mwingine misuli kukakamaa. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa kijenzi kimoja cha sumu ya mfalme huyu, nao walikuta kwamba kinachezea milango ya neva za maumivu kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja: kinarahisisha kufunguka kwa milango inayowasha neva, na kinadhoofisha ile inayoituliza. Yaani sumu hiyo imefanyizwa ili iume. Ukifikiri, inaleta maana. Mnyama anayeishi ndani ya shimo lenye mlango mmoja hana pa kukimbilia nyegere anapofukua. Kinachomfaa ni maumivu ya papo hapo yatakayomfanya nyegere aghairi.

Na kabla ya kuuma hutoa onyo jingine, lile lililompa Pocock jina la ala ya muziki. Husugua vinyweleo maalumu vya mapaja ya miguu ya mbele, ikatoka sauti ya kukwaruza inayosikika na mtu aliye karibu. Hiyo ni fursa yako ya kuondoka.

Kuhusu manyoya: tarantula wengi wa Amerika hujikuna tumbo na kurusha vinyweleo vinavyowasha macho na ngozi. Wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Video za Kimarekani zimetuambukiza hofu isiyotuhusu.

Ukiumwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, inua kiungo, meza dawa ya kawaida ya maumivu. Nenda kituo cha afya uangaliwe, uulizie na chanjo ya pepopunda, hasa kama ni mtoto, au kama uvimbe unapanda, au pumzi inabana. Usichanje kwa wembe. Usifunge kamba ya kukata damu. Jiwe jeusi la kunyonya sumu nalo liache lilipo. Linachonyonya ni muda.

Wanaosingiziwa na wanaomsingizia

Sehemu kubwa ya sifa mbaya ya buibui wetu wa shimoni ni deni la wengine.

Kuna kiumbe cha rangi ya kahawia hafifu, chenye taya kubwa, kinachokimbia sakafuni usiku kwa kasi ya kutisha, kinaonekana sana maeneo kame. Watu huapa kwamba kiliwafukuza. Huyo hata si buibui, ingawa ni jamaa wa mbali, na hana tezi za sumu kama za buibui. Anachofukuza mara nyingi ni kivuli chako, kwa kuwa anakwepa mwanga. Ukikimbia, kivuli kinakimbia, naye yuko nyuma. Simama, atapita.

Kuna pia yale malengelenge yanayojitokeza asubuhi shingoni au kwenye kope, yakiwaka moto, na mama mwenye nyumba akasema umekojolewa na buibui. Buibui hana hatia. Anayehusika mara nyingi ni inzi wa Nairobi, ambaye si inzi bali ni mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi, anayezaliana sana mvua zikiwa nyingi. Hang'ati wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Mpulize, usimponde.

Na yupo yule wa kwenye dari, anayeheshimiwa. Pwani wengi hawamuui buibui wa nyumbani kwa sababu ya kisa cha utando uliotandwa mlangoni mwa pango la Thaur Mtume akiwa ndani. Wa shimoni hakubahatika kupata kisa kama hicho, akabaki na mafuta ya taa, ambayo, tukiacha buibui pembeni, yanaharibu udongo wako mwenyewe na kuua kila kilichomo.

Adui wake wa kweli ni nyigu. Wapo nyigu wakubwa wa buluu iliyokoza au weusi, wenye mbawa za rangi ya kutu, ambao huwinda buibui nyani. Jike wa nyigu humdunga, akapooza bila kufa, akamburuta hadi shimoni, akaweka yai moja juu yake na kufukia. Buu likianguliwa hukuta chakula kibichi, hai, kisichoweza kukimbia. Nikiona video za watu wakimwogopa buibui aliyejibanza ukutani, huwa nawaza kwamba huenda anayekimbiwa pale si binadamu.

Shimo likichimbuliwa

Sasa turudi kwa wanunuzi. Mfalme anatafutwa na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia kwa sababu ya ukubwa wake, rangi yake na ukali wake. Njia halali na safi ipo: kuwazalisha vifungoni na kuuza watoto. Tatizo ni hesabu ya muda. Mtoto wa buibui huyu ni kijinukta, na kumlea mpaka awe jike mkubwa ni kazi ya miaka. Haiingii akilini mtu amlishe buibui miaka yote hiyo kisha amuuze kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo ukikuta majike wakubwa wengi wakiuzwa kwa pamoja na kwa bei nafuu, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mahali nyikani ambapo mashimo yalifukuliwa kwa jembe.

Na kila shimo lililofukuliwa ni hasara ya aina mbili. Kwanza anaondoka jike ambaye huenda ana umri wa mwanafunzi wa kidato, na ambaye angezaa misimu mingi mingine. Pili linaharibika shimo lenyewe. Buibui mkubwa akikuta shimo lake limebomolewa kiangazi, udongo ukiwa umekauka, kuanza upya ni kazi ngumu kweli, na kila usiku anaokaa juu bila kificho ni usiku wa kuliwa au kukauka. Kutifua ardhi kwa trekta, kuchimba mchanga na kuchoma mkaa hadi ardhi ibaki uchi hufanya madhara yaleyale bila hata kumlenga. Hana mbawa za kuhamia kwingine, na watoto wake hawaendi mbali na walikoanguliwa. Akifutika kwenye kilima kimoja, kilima jirani hakitamrudisha upesi.

Sheria ipo, ingawa wengi walidhani inahusu tembo na faru tu. Kesi ya sisimizi wa Naivasha iliwaonesha Wakenya kwamba kiumbe kinachoingia kwenye kichupa kinaweza kumpeleka mtu mahakamani kama vile pembe. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya biashara iliyohusisha mijusi, vyura na vijidudu. Katika biashara ya namna hii, anayefukua shimo kijijini hupata pesa ya soda, na bei halisi hupatikana baada ya kuvuka uwanja wa ndege. Akija mgeni mwenye vichupa na pamba akiwaahidi watoto chochote kwa kila buibui mkubwa watakayemleta, atakayebaki na kesi mikononi mgeni akishaondoka ni mzazi wa mtoto huyo.

Aliyeingia ndani kwako usiku wa mvua ni rahisi zaidi kumshughulikia. Mfunike kwa bakuli pana au ndoo ndogo, pitisha kipande cha boksi gumu chini yake taratibu, mtoe nje, umwache chini karibu na kichaka. Usimwinue juu sana, usije ukamwangusha. Kama ni dume, ataendelea na safari yake usiku huohuo. Tundu utakaloliona asubuhi chini ya mgunga, la mviringo, kingo zake zikiwa na utando mweupe kidogo, si lake. Huenda ni la yule aliyekuwa akienda kumbishia hodi.